Walichukua gome la mti wa mama yangu mdogo, masharti wakayaacha

Wakuu, salama huko? Hii si chai, imetokea uani kwetu hapa Mangobo, Kisangani.

Tangu vita vifunge njia ya Goma, dawa madukani zinatafutwa kwa tochi. Vitabu vya shule vilevile. Walimu fulani wakaanzisha masomo ya bure ya simu: unadownload, unabadilisha, unamgawia yeyote. Wazo zuri, sina neno.

Wakaja kwa mama yangu mdogo. Ana mti uani, mche aliutoa kwao Opala. Gome lake huchemshwa kwa maumivu ya mgongo.

Akawafundisha yote. Unamwomba mwenye mti kwanza. Unakata upande wa mawio tu. Kidonda cha mti kisipofunga, hukati tena, hata kama mgongo unakuua.

Somo likatoka. Picha safi, mtaa umetajwa, jina lake lipo.

Masharti hayapo.

Nikampigia mratibu wao. Akasema, "Bon, grand, ile iko mambo ya imani. Sisi tunaweka ya kufundisha tu."

Watu wakaja. Mimi mchana niko kwenye pikipiki nasaka abiria, mama mdogo yuko sokoni. Wanawasalimia majirani vizuri kabisa, simu mkono huu, panga mkono ule, wanaingia.

Walimaliza upande wa mawio wakazunguka. Mti ukivuliwa gome pande zote unakufa, na hilo halihitaji imani.

Majani yalipoanza kupukutika mama mdogo akaniita. "Ambia bale balimu bafute ile somo."

Mratibu, tumpe haki yake, alifuta siku hiyohiyo. Ila nakala zishafika Kindu, zishafika Bunia, na zote ni halali kabisa.

Nilipomweleza mama mdogo hivyo akauliza, "Alors, bale bengine beko na ile somo, nitabaomba wapi?"

Iliniuma, wakuu, nisiwafiche.

Funzo: ukipewa ujuzi pamoja na masharti, umepewa kitu kimoja. Ukitaka nusu, rudi ukaombe nusu.

Juzi akaja bibi mmoja, mgongo umepinda, simu hana. Alibisha hodi, akaomba gome kwa heshima zote. Ndiye wa kwanza kuomba tangu somo litoke.

Mama mdogo akamshika mkono, akampeleka kuuona mti mkavu.

Wenye masomo ya bure humu, mama mdogo mngemjibu nini? Mawe pia napokea.