Magoti ya Baba Mkwe

Kati ya Kasongo na Kabambare hapakuwa na kona ambayo Zéphirin hakuijua, na hapakuwa na hata moja aliyoruhusiwa kuikata. Karatasi ya udereva ilikuwa ya Shofa André. Kitabu cha kazi cha Zéphirin kilisema yeye ni boi-shofa, yaani mtu wa kukaa juu ya mzigo, kuchota maji ya rejeta, na kuruka chini mlimani akatie gogo nyuma ya gurudumu ili lori lisirudi. Hivyo ndivyo kilivyosema kitabu. Barabarani mambo yalikuwa mengine.

Macho ya André yalikuwa yamekwisha. Hayakwisha siku moja. Kwanza alianza kutoona mawe ya pembeni, kisha mbuzi, kisha watu. Mwaka 1951, karibu na Wamaza, aliponea chupuchupu kumgonga mwanamke aliyebeba mtungi. Alisimamisha lori, akamwita Zéphirin ashuke kutoka juu ya magunia ya pamba, akamwambia ashike usukani yeye. Tangu hapo ikawa ndiyo desturi yao. Mjini Kasongo André aliendesha mwenyewe kwa mazoea. Wakivuka daraja la kwanza wanabadilishana, na wakikaribia Kabambare wanabadilishana tena, mzungu wa serikali asije akaona. Polisi akiwashtukia njiani ni jela kwa wote wawili, na anayetangulia ni yule asiye na karatasi.

Utauliza kwa nini hakukataa. Hilo ni swali la mtu asiye na wakwe. André alikuwa baba yake Victorine, na Victorine alikuwa mke wa Zéphirin mwaka wa sita sasa. Katika ukoo wao baba mkwe haguswi. Huli naye sahani moja, humtaji jina, humpi mkono. Ukimsalimu unainama, unapiga makofi mawili, unapita. Hata ndani ya lori waliweka kikapu cha chakula katikati ya kiti, bega lisikutane na bega. Kumkatalia neno mtu wa namna hiyo ni jambo ambalo Zéphirin hakujua hata linaanziaje mdomoni.

Lakini alichoka. Nisiseme uongo, alichoka hasa. Kila alipoona kofia ya polisi kwa mbali, aliivuta kofia yake mpaka machoni. Kule Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu, walikuwa wakitafuta madereva. Binamu yake alimletea habari kwamba kuna nyumba ya matofali na posho kila Jumamosi, mradi mtu aje na permi yake, ile karatasi ya udereva, mkononi. Zéphirin alimweleza Victorine. Victorine, ambaye neno halilali kwake, alimweleza mama yake. Mama mtu naye ana mume. André akasikia.

Ili mtu apimwe udereva ilihitajika barua ya tajiri wake. Tajiri wao alikuwa Mreno mwenye duka, ghala na lori hilo moja, na watu walimwita Bwana Ndevu. Aliombwa barua hiyo mara tatu, na mara tatu akasema baadaye. Boi aliyejua kutia gogo kama Zéphirin angempata wapi? Kisha André akagonga nguzo ya lango la ghala. Wiki mbili baadaye akaigonga tena, nguzo ile ile, mchana kweupe. Bwana Ndevu aliitazama nguzo, akamtazama André, akaingia ofisini akaandika barua. Akatangaza mbele ya wapakuzi wote kwamba boi akifaulu, mzee atakwenda kupumzika kijijini. Alisema hivyo akicheka, kama mtu anayetoa zawadi.

Hapo Zéphirin akanaswa. Akishindwa, ataendelea kuendesha kwa wizi mpaka siku atakayokamatwa. Akifaulu, ndiye atakayekuwa amemfukuza baba wa mke wake. Alizunguka nalo jambo hilo wiki nzima, mpaka akapiga moyo konde: atafaulu, na mzee watahama naye Salamabila, atakula kwake. Victorine alilia kwa furaha. Alitaka kukimbia kuwaambia wazazi, na safari hii moja Zéphirin alimkataza kwa ukali. Mwanamume hamwambii baba mkwe wake kwamba atamlisha. Ni kumvua nguo. Jambo la namna hiyo hutendwa, halitangazwi.

Mtahini alikuja kutoka Kindu mwezi wa saba, kama alivyokuja kila mwaka, mara moja tu. Alikuwa mzungu kijana mwenye kaptula na shingo iliyoungua kwa jua. Alionyesha picha za alama za barabarani, na Zéphirin, ambaye alisoma miaka minne misheni, akazijibu zote. Kisha akasema twende. Sheria, alisema, inataka mwenye karatasi awemo ndani. Yeye mwenyewe alitaka kukaa mlangoni apate kuona pembeni. Basi akamwelekeza André akae katikati.

Kikapu kilibaki chini. Mkono wa gia katika lori lile ulichomoza sakafuni, katikati kabisa, na sasa ulikuwa kati ya miguu ya baba mkwe. Zéphirin alianza kutoka jasho kabla hata ya kuwasha.

Barabara ya soko ilikwenda vizuri. Mzee alikuwa ameachanisha magoti, na Zéphirin aliivuta gia ya pili kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa mfupa wa samaki mdomoni mwa mtoto. Akatia ya tatu. Mtahini akaandika kitu, uso wake umeridhika. Wakageukia mlima wa misheni. Katikati ya mlima lori likaanza kulemewa, na kila mtu anayejua lori alijua kwamba sasa ni kurudi gia ya pili, upesi. Zéphirin aliitoa ya tatu. Alipovuta mkono wa gia kurudi nyuma, alikuta magoti ya mzee yamefumbana.

Kuyasukuma ilikuwa kazi ya sekunde moja. Yeyote angesukuma. Vidole vyake viligusa kitambaa cha suruali ya mzee, vikaachia kama vilivyoungua. Na kumwambia baba mkwe apanue magoti hakuthubutu. Lori likasita, likaanza kurudi nyuma, na nyuma hapakuwa na boi wa kutia gogo, kwa sababu boi ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Wanawake wawili waliokuwa wakipanda na vikapu vya mihogo walirukia mtaroni. Zéphirin alikanyaga breki kwa nguvu zote, injini ikazima, na mtahini akavuta breki ya mkono mwenyewe. Hakugomba. Alisema mwaka ujao, akaandika neno moja kwenye karatasi.

Nyumbani Victorine aliuliza nini kilichoharibika. Zéphirin alisema injini ilizima. Angesema nini kingine? Kwamba baba yako amefunga magoti? Mwanamke huyo angempenda baba yake vipi tena, na angemwangaliaje mume aliyemshtaki? Alikula ugali wake, akamwacha mkewe aamini kwamba mlima ulimshinda.

Asubuhi ya pili walipakia chumvi na vitambaa vya kupeleka Kabambare. Baada ya daraja la kwanza wakasimama, kama siku zote. Mzee alishuka, akazunguka mbele ya lori akipapasa boneti, akapanda upande wa pili. Zéphirin aliketi penye usukani lakini hakuwasha. Hakuwa amepanga kugoma. Mkono tu haukwenda.

Mzee ndiye aliyesema, akitazama mbele, huko asikoona kitu.

"Nilifunga kwa makusudi. Ukipata karatasi utaenda Salamabila na mutoto wangu. Mimi nitabakia na macho ya nani?"

Zéphirin alihisi hasira ikimpanda mpaka masikioni, na nyuma ya hasira kitu kibaya zaidi, huruma. Akainamisha kichwa hivyo hivyo akiwa ameketi.

"Tulitaka kuwabeba pamoja na sisi, Baba. Nyumba ya kule iko na vyumba viwili. Kimoja kilikuwa chenu na Mama."

Mzee akageuka. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama usoni, au kumtafuta usoni.

"Mbona haukusema?"

"Muko bamukwe wangu, Baba. Ningesema na kinywa gani?"

Mzee akapiga makofi mawili, taratibu, yale ambayo mkwe humpigia baba mkwe, na hakuna baba mkwe aliyewahi kumpigia mkwe. Zéphirin hakujua afanye nini na heshima hiyo. Mtahini asingerudi mpaka mwezi wa saba mwingine, na polisi walikuwa bado njiani. Akawasha lori.