Mama Mukwe na Dale ya Beto

Bandugu, leo mama mukwe wangu ameniokoa, na sina hata ruhusa ya kumuangalia!

Tulikuwa Kasaji, kwa shamba ya muzungu, tunahamisha dale nzito ya beto, bamba ya zege ya ghala ya mahindi. Tunaivuta na kamba, inapanda kilima juu ya magogo.

Njo mama mukwe anatokea, analetea batu ba kazi bukari, ugali ya muchana.

Kwetu, mama mukwe akija, unajificha. Njo heshima.

Mi nikaacha kamba, nikajificha… nyuma ya dale!

Dale ikaanza kurudi chini. Juu yangu!

Mama akatupa bukari chini, akashika kamba yangu, uso ameugeuza pembeni:

"Tata, mukwe wangu, mi sikuoni! Lakini toka kule, mutoto wangu asibakie mujane!"

Nikatoka mbio.

Akaenda bila kugeuka.

Sasa munipe akili: mama kama huyu, unamushukuru na kumupa mugongo?