Mtandao Ukikatika, Mke wa Ndege Hutabasamu

Saa mbili asubuhi, fundi wa minara ambaye mtaa mzima unamwita Ndege anakaza mkanda wake chini ya mnara na kupiga simu ofisini. "Zimeni," anasema.

Punde mtaa unalipuka kwa lawama. Mwenye duka anatikisa simu, anaigonga kaunta, anainyanyua juu. Wapi!

Nyumba ya nne kutoka hapo, mama mjamzito wa miezi minane anatazama simu yake isiyo na mtandao, anatabasamu. "Mume wangu anapanda sasa," anasema.

Antena ikiwaka, anayesimama mbele yake anaweza kuungua bila kuona moto, ndiyo maana kanuni inataka izimwe. Basi mtandao ukikatika, mke anajua mumewe yuko salama. Ukirudi, anabandika chai.

Majirani walimtisha weee, eti mnara utamdhuru mtoto tumboni. Nesi wa kliniki akamtuliza: mawimbi yanayofika chini ni hafifu mno. "Ya huku chini siyaogopi," mke anasema. "Namwogopea yule kichwa ngumu wa kule juu."

Ana sababu. Mwezi uliopita wateja walilalamika, msimamizi akamwambia Ndege apande hivyo hivyo, antena zikiwaka. Akapanda. Mkewe akamwona juu kwa macho yake, na simu mkononi ina mtandao tele.

Jioni Ndege alirudi kichwa kikimgonga, akamkuta mkewe mlangoni, macho mekundu. "Leo haukukatika," mke alisema.

"Bora angenitukana, dada yangu," Ndege anamwambia mwandishi wa habari hii. "Maneno yale yalinikata maini." Tangu siku hiyo, antena isipozimwa hapandi. Ameshapewa maonyo mawili ya maandishi. "Wanifukuze tu. Mwanangu anamhitaji baba kwanza, mtandao baadaye."

Ameomba likizo ya mwezi wa kujifungua. Jibu bado. Na uchungu ukianza Ndege akiwa juu, simu zote hazina mtandao?

Mke anacheka, anafungua kabati na kutoa shuka jekundu lililokunjwa vizuri. "Nitalianika kwenye kamba. Mwenyewe anasema akiwa kule juu kamba yetu anaiona vizuri kuliko kitu chochote."

Nje, mwenye duka bado anafoka. Juu ya mnara Ndege anakaza boliti moja, anageuza shingo kutazama nyumbani. Kwenye kamba kuna shati lake na vijinguo vipya vya mtoto. Anakaza boliti ya pili, anageuka tena.