Pini Yenye Kichwa Chekundu

Mshonaji huyu hachomoi pini zake kifuani hata akikanda unga. Huzipapasapapasa tu, kama mama anayehakikisha watoto wote wamerudi. Pasaka hii, skonzi zake za mdalasini zenye chokoleti ndani zilipotoka kwenye oveni, alipapasa, ile yenye kichwa chekundu haipo. Je, kama ameioka?

"Asiguse mtu!" aliwakemea wajukuu. Akazivunja zote, chokoleti ya moto ikimuunguza vidole, asiione pini.

"Bibi, babu keshachukua moja."

Alitoka mbio. Mumewe alikuwa barazani, shavu limetuna.

"Tema, mzee wangu! Tema!"

"Nani hutema utamu kama huu?" Mzee akacheka, akameza.

Mshonaji aliketi miguuni pake, mikono imejaa chokoleti, akilikodolea macho koo lake likipanda na kushuka.