Dua ya Kisomo cha Fukayosi

Jumatano tulikaa kikao cha udahili chuoni, mimi nikiwa mjumbe. Bajeti ya maabara ilikuwa imekatwa, na hakuna aliyetaka kuwaambia wananchi kwamba chuo cha serikali hakina vifaa. Tukaona rahisi kupandisha sifa: anayeomba famasia awe na C ya kemia, si D kama zamani, na ufadhili ufuate sifa hizo hizo. Ndio usomi wetu huo, umaskini wa chuo tukaugeuza udhaifu wa mwanafunzi. Nilinyoosha mkono pamoja na wenzangu, kisha tukanywa chai.

Ijumaa nikaenda Fukayosi kwa dada yangu. Alikuwa ameandaa kisomo cha kumwombea binti yake, aliyemaliza kidato cha sita na anayetaka famasia chuoni kwetu. Kemia amepata D. Sifa mpya zilikuwa hazijatangazwa, nami sikuruhusiwa kuzitoa nje ya kikao. Nilijificha nyuma ya sheria hiyo.

Dada akaniketisha karibu na maalimu, kwa heshima ya mtu wa chuo. Binti akaja na chetezo cha ubani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba," nikajibu, macho yangu kwenye makaa.

Maalimu akamwombea afya, akamwombea na mlango wa chuo. Kisha akaongeza, "Na wale wanaokaa kuamua, ewe Mola, zilainishe nyoyo zao."

Mkeka mzima ukaitikia amin. Yangu ilisikika kuliko zote.