Mwanafunzi Aliyeniita Bibi

Salhiya wa Kiembe Samaki anasoma chuo kikuu, na kazi aliyopewa ni kuwauliza watu wao ni nani. Si jina. Mtu ni Mzanzibari, ni Mtanzania, au vyote, na hilo linaonekana vipi akiwa jikoni kwake au sokoni.

Alinijia Michenzani, ghorofa ya tatu, na simu ya kurikodi sauti. Kosa alilifanya mlangoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Pita."

Bibi na mjukuu ni watani. Shangazi ukimuuliza atakujibu kweli, bibi atakutania. Ukimwita mtu bibi, umempa ruhusa, na mimi ruhusa siirudishi. Nikamwambia babu yangu mtu wa Makunduchi, aliogelea mpaka Dar es Salaam na mbuzi begani. Njiani papa akamuuliza, "Wa wapi wewe?" Akajibu, "Mzanzibari." Papa akampisha. Ya papa Salhiya aliicheka, ya Makunduchi akaiandika.

Siku ya pili kaja na swali lile lile, kaligeuza. Babu akawa Mhadhrami mwenye nyumba Shangani, milango mingi hata mwenyewe anapotea. Siku ya tatu nikazaliwa Pemba, na ugali sijautia mdomoni, sisi watu wa wali.

Yote akampelekea mwalimu wake.

Wiki mbili baadaye akarudi kanywea. "Bibi, mwalimu kaniuliza nimehoji watu wangapi. Nkamwambia mmoja."

"Kasemaje?"

"Sura ya utafiti wangu haipiti. Nisipompa nyengine kabla ya mwisho wa mwezi, narudia mwaka."

Kanikuta nnasonga ugali. Jirani yangu Bi Amne kakaa kwenye mbuzi, anakuna nazi. Salhiya akaitazama sufuria, akanitazama mimi.

"Si ulisema hujautia mdomoni?"

"Nani, huyu?" Bi Amne akacheka mpaka kifuu kikamtoka mkononi. "Kila Jumanne na Ijumaa, na dagaa wa Kigoma! Dirisha tu analifunga."

Mtoto hakuuliza tena. Simu akaizima, akakaa chini akachambua dagaa. Akaja siku nne hivyo, tukaenda na sokoni, mdomo kaufunga. Mtu asiyeuliza huwezi kumdanganya. Siku ya nne, Bi Amne naye yupo, nikasema mwenyewe.

Baba yangu alitoka Tabora kuja kupalilia mikarafuu. Ugali ndio chakula alichotulelea Jang'ombe. Nilipoolewa na mtu wa Makunduchi, wifi yangu aliniuliza kwetu wapi, nikasema huko huko, upande wa pili wa mji. Miaka hamsini na kitu sasa. Wanangu wanaapia Makunduchi ya pande zote mbili.

Salhiya alikuwa kalishika daftari, hajaandika.

"Niandike, bibi? Jina nitalibadilisha, lakini wanao wakisoma watajua. Ukisema hapana, sitii hata neno."

"Na mwisho wa mwezi?"

"Jumatatu."

Ilikuwa Ijumaa. Nikazidi kuusonga ugali. Jina langu kwa wakwe lilisimama juu ya uongo ule, na mume wangu alikufa akiuamini.

"Unaogopa nani?" Bi Amne akasema. "Ghorofa nzima tunasikia harufu ya dagaa. Wifi yako mwenyewe aliniambia zamani: mke wa kaka yangu ni Mnyamwezi, lakini mwacheni, ana adabu."

"Alijua?"

"Alijua, shoga yangu."

Nikageuza ugali kwenye sahani. "Andika."

"Na babu wa papa? Na yule Mhadhrami?"

"Nao waandike. Nimeishi nao siku nyingi kuliko mume."

Akaandika wote. Sura ikapita, mwalimu kasema uongo wangu ulimfunza kuliko majibu ya watu kumi wakweli. Humo naitwa Bi Bashira.

Mwanangu mkubwa, Ubwa, kasomewa sura hiyo na mkewe. Akapiga simu.

"Mama, kumbe tuna ndugu Tabora?"

"Tunao."

"Majina yao?"

Nilikuwa nayo mawili. Nikampa, akaniambia nimtajie polepole, anayaandika.