Nilipoandika Kwamba Maji Yapo

Mwanangu, siku yenyewe naikumbuka vizuri, ingawa siku hizi miwani naitafuta huku nimeivaa. Ilikuwa siku ya tatu tangu wageni wa chuo wafikie nyumbani kwa bibi yangu, kisiwani Jibondo. Msichana mmoja wa Kizungu, Marta, alikuwa uani anaosha nywele. Nywele zilikuwa nyingi, mashallah, na maji yalikuwa ndoo nzima. Mimi nikapita nyuma ya jiko kutafuta kanga yangu, nikamkuta bibi amechuchumaa, amepiga viganja kwenye mchanga mkavu, anajipangusa uso. Alikuwa anatayamamu, kama msafiri aliyekosa maji ya kutia udhu. Bibi yangu, ndani ya uwanja wake mwenyewe.

Niligeuka nikaondoka kimyakimya. Hilo lilikuwa kosa langu la pili. La kwanza nitakueleza, usiwe na haraka.

Nyinyi mnaosoma sasa mnapenda maswali makubwa. Juzi mjukuu wa jirani yangu, aliyepata nafasi ya kwenda kusoma ng'ambo kama wewe, kaniuliza: eti vyuo vikuu vya nchi mbalimbali vikishikana, shida za walimwengu zitakwisha? Macho yalikuwa yanamng'aa, nikaona vibaya kumkatisha tamaa na vibaya zaidi kumdanganya. Jibu la ulimwengu sina. Ninalo la Jibondo, na nawapeni lote, yeye na wewe.

Kisiwa chetu ni mwamba mtupu. Ukichimba kisima unapata chumvi. Miaka ile hifadhi ya bahari ilipokuwa bado changa, maji tulikuwa tukiyaleta kwa mashua kutoka kisiwa kikubwa, dumu kwa dumu, na siku mashua isipokwenda, kila nyumba ilijua la kufanya: kunywa kidogo na kunyamaza.

Mimi nilikuwa wa kwanza katika ukoo wetu kufika chuo kikuu, huko bara. Chuo changu kilikuwa na urafiki na chuo kimoja cha Ulaya, wanafunzi wao waje kwetu, wetu waende kwao. Mwaka huo tukatumwa pamoja, wao na sisi, kuwauliza watu wanaoishi ndani ya hifadhi shida yao kubwa ni ipi. Makubaliano yalikuwa wazi. Shida itakayojitokeza zaidi kwenye fomu, vyuo viwili vitaitafutia wataalamu na wafadhili. Moja tu, nyingine zisubiri. Na mwanafunzi wa kwetu atakayefanya kazi vizuri kuliko wenzake angekwenda Ulaya mwaka mzima. Kiongozi wetu, Dakta Ngowi, mtu wa Kilimanjaro asiyecheka ovyo, alikuwa ameshaninong'oneza kwamba jina langu liko juu.

Sasa nikwambie aibu yangu, maana uzee una faida hiyo, mtu huona haya kidogo. Chuoni nilikuwa nasema natoka Utende, kule kisiwa kikubwa kwenye mahoteli. Jibondo sikuitaja hata kwa bahati mbaya, mpaka Dakta alipoiona kwenye vyeti vyangu akafurahi: "Kumbe tuna mwenyeji!" Ndivyo wageni walivyofikia kwa bibi.

Na sisi watu wa Jibondo tuna desturi yetu. Mgeni akiingia hupewa maji kabla ya neno lolote, bilauri imejaa pomoni, wala haambiwi yametoka wapi. Akiuliza kama maji yapo, hujibiwa, "Yapo, alhamdulillahi," hata kama kata inakwaruza chini ya mtungi. Tukaenda nyumba kwa nyumba, wageni wanauliza, mimi nafasiri. Kila nyumba ikajibu yapo. Nami nikaandika: maji yanatosha.

Hilo ndilo kosa la kwanza. Nilijua, mwanangu. Lakini niliona afadhali shida yetu kubwa iwe kukosa ukumbi wa kufundishia vijana kazi za utalii, maana niliiona ni shida ya kistaarabu, kuliko wenzangu wajue kwamba kwetu watu wana kiu. Wahenga wamesema mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa nimejifunga kanga tatu.

Alasiri ya siku ile ya nywele, bibi akaniita jikoni. Alikuwa anapepeta mchele. Jina lake Bi Mize, mwanamke mwembamba, sauti ndogo, na kijiji kizima kilimwogopa.

"Mke mwenza," akaniita, maana ndivyo bibi zetu wanavyowatania wajukuu wao wa kike. "Hebu nisomee hayo makaratasi yenu. Nyumba yangu mmeiandikaje?"

Nikamsomea. Nilipofika kwenye maji akanikatiza.

"Nani kasema yanatosha?"

"Wewe, bibi. Ulisema yapo."

"Nilimwambia nani?"

"Marta."

Akaweka ungo chini. "Mimi nilikuwa namjibu mgeni, na hiyo ni heshima ya nyumba yangu. Wewe hapa si mgeni. Wewe umepandishwa mashua ya maji hujaota meno. Mimi nikisema yapo, ni adabu. Wewe ukiandika yapo, ni uongo. Na karatasi haina haya, mjukuu wangu. Itausema uongo wako huko Ulaya, na sisi tumeshakufa."

Hakunipigia kelele. Akachukua ungo akaendelea na mchele wake. Afadhali angenipiga, ningejua limekwisha.

Nililia, sikufichi. Nililia kwa sababu niliona mambo mawili hayawezi kukaa pamoja: nikinyamaza, napanda ndege, na bibi anaendelea kujipangusa mchanga, nikisema, watu wangu wana nafasi ya kupata maji, na ndege nimeikosa. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini maradhi haya hayakuwa yangu peke yangu, na kifo kingewaumbua wengine.

Asubuhi nikamkuta Dakta kwenye darasa tulilopewa kuwa ofisi, anafunga fomu kwa kamba.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mbona macho mekundu?"

"Swali la maji nimeandika uongo, mwalimu. Nyumba zote."

Akaacha kamba. "Wao walisemaje?"

"Walisema yapo. Hayapo. Nilijua hayapo."

"Unaijua adhabu ya mtafiti anayepika majibu?"

"Naijua."

Akakaa kwenye dawati la watoto, magoti yakamfika kifuani. "Kwetu mlimani," akasema, "mfereji unapita mlangoni. Siku tatu nanywa maji ya bibi yako, na sikujiuliza hata mara moja. Udaktari wote huu!" Kisha akasimama, akajikung'uta suruali. "Waite wenzio."

Nikawaeleza wote, na lile la mchanga nikalisema. Marta akawa mwekundu mpaka shingoni. Alitoka mbio, akaenda kumpigia bibi magoti kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: "Bibi, samahani. Mimi sana samahani."

"Kwani nilikuuzia?" bibi akamjibu. "Maji ya mgeni hayana samahani. Lakini wazee wamesema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wewe leo ni siku ya nne. Sisi jembe la kukupa hatuna. Chukua dumu."

Na kweli akachukua. Siku hiyo hiyo wanafunzi wote walipanda mashua ya maji, wakaenda kisiwa kikubwa, wakateka, wakapakia, wakarudi. Kwenye kushusha, Marta akateleza, dumu likafunguka, maji yote yakaingia mchangani. Kisha mama mmoja akaangua kicheko, akapiga makofi, "Haya, sasa karibu Jibondo!" Naye Marta akacheka huku analia, na kuanzia hapo hakuna aliyemwita mgeni.

Tukarudia fomu nyumba kwa nyumba, safari hii na madumu begani. Mtu aliyekubebea dumu lako huwezi kumwambia maji yapo, ameshajua. Akina mama wakafunguka. Wakasema watoto wanavyoharisha kwa maji yaliyokaa, wakasema mabinti wanavyokosa shule siku ya mashua. Mimi nikaandika mpaka vidole vikafa ganzi. Siku ya mwisho, mbele ya wazee wa kijiji, Dakta akasoma shida moja, maji, na safari hii fomu zilisema kweli.

Tangi la maji halikuja kesho yake. Masika moja ilipita bure, barua zinakwenda na kurudi. Halafu chuo cha Ulaya kikamleta mhandisi, chuo chetu kikaleta wanafunzi, wakajenga tangi chini ya paa la shule likinge mvua. Mifereji ya bati ikaliwa na chumvi kabla ya mwaka. Mhandisi akakuna kichwa. Ni mjomba wangu, fundi wa mashua ambaye darasani hakuwahi kukaa, aliyechonga mifereji ya mbao na kuikalafati, yaani kuziba nyufa zake kwa pamba na mafuta, na yule mhandisi akakaa chini kando yake na daftari, anaandika. Jifya moja haliinjiki chungu. Mimi niliyaona mafiga yote matatu siku hiyo, chuo chao, chuo chetu na kijiji, na nikaona chungu kimekaa.

Na Ulaya? Alikwenda kijana mwingine, mtu wa Mbeya, akarudi na koti zuri. Dakta aliandika kwenye ripoti yake kwamba nilidanganya, na akaandika kwamba nilikuja mwenyewe kusema. Yote mawili. Nilimchukia mwaka mzima. Leo, ingawa dini yake na yangu mbalimbali, namwombea katika kila sala, yeye na Marta, maana mmoja alinifundisha kuwa mkweli na mwenzake alinifundisha kwamba mgeni naye anaweza kubeba. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wazee, na mimi ni mmoja wa waliopona.

Sasa utaniuliza, shida ilikwisha? Haikwisha, mwanangu. Kiangazi kiliporefuka tangi lilikauka na mashua ikarudi kazini. Lakini nimeona masika baada ya masika mabinti wakienda shule siku ambazo sisi tulikuwa tunasubiri pwani na madumu. Wawili kati yao leo ni wauguzi. Mimi kwa hilo nasema alhamdulillahi, na asiyeridhika na aje abebe dumu.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii. Vyuo vikishikana, mambo makubwa yanawezekana. Asikwambie mtu ni ndoto za wasomi, mimi nimeyanywa. Ila wale wa ng'ambo, hata wawe na mioyo mizuri namna gani, watatibu kile kilichoandikwa, na mwandishi ni wewe. Ukifika huko, wakikuuliza kwenu kukoje mkiwa mnakunywa chai, jibu kama mwenyeji: kwetu kuzuri, karibuni. Wakifungua daftari, sema kama mtoto wa nyumba anayejua mtungi umebaki nini. Usiwaonee haya waliokuzaa. Na ukikosea, rudi ukaseme mapema, hata kama inakugharimu ndege.

Mungu akufikishe salama, akupe walimu watakaoandika mabaya yako na mema yako kwenye ukurasa mmoja, na akupe wenzio wasioona tabu kuinama na kubeba. Kiu ya watu wako uitaje kwa jina lake, popote utakaposimama. Ukifanya hivyo, mwanangu, hata usiporudi na koti zuri, radhi zetu unazo.